Ziwa la Twalibu Katika Beseni

Kaka yangu Twalibu alipofika Kinole, mama alikuwa na siku tatu kaburini. Alishuka kwenye bodaboda na begi lake la magurudumu, akawa analikokota juu ya mawe ya njia yetu ya mlimani, nami sikunyanyuka kumpokea. Kabla hajauliza mama aliumwaje, alininong'oneza, "Asha, mama alinipa radhi?" Nikamwonyesha pa kuweka begi.

Huyu ndiye msomi wetu, yuko Kanada anasomea mambo ya udongo. Mama alipozidiwa nilimpigia simu nikamwambia awahi, mama anamuulizia yeye tu. Akasema mitihani imembana. Jumamosi ya wiki ileile akaweka picha mtandaoni: amesimama juu ya jiwe kwenye hifadhi ya milima, nyuma yake barafu, mbele yake ziwa la rangi ya samawati kali mpaka unadhani limepakwa. Chini yake kaandika kwamba hapo ni mahali pa kufika kabla hujafa. Mama alikuwa amebakiza siku nne. Mtu mzima na ndevu zake, hajui hata kuficha uongo.

Baada ya khitma, watani wakaanza kazi yao. Kwetu mtani msibani hafungwi mdomo: anakuigiza, anakuumbua, wewe unacheka, unampa chochote, yamekwisha. Bibi Mwanahawa, mtani wa ukoo wetu, akaleta beseni la maji, akakorogea buluu ya kufulia. Akavaa koti zito, akapanda juu ya kinu kilichopinduliwa, akanyoosha mkono kama anayejipiga picha.

"Mwambieni mama asife kwanza," alisema. "Bado sijatokea vizuri."

Watu walicheka mpaka machozi. Mimi nilicheka kuliko wote, na sijutii.

Twalibu naye angecheka tu, angesamehewa palepale. Badala yake alisimama mbele ya wazee akaanza kumsomesha bibi kwamba rangi ile inatokana na unga wa mawe yanayosagwa na barafu, na kwamba ushamba ndio unaotuponza huku milimani. Kisha akalipiga beseni teke. Vicheko vikakatika, na mjomba Mansuri akainamisha kichwa kwa aibu.

Twalibu akanifuata jikoni akihema, akarudia swali lake la radhi. Hakuwa na uchungu wa mama, alikuwa na hofu ya laana. Nilimdharau kuliko nilivyowahi kumdharau mtu. Nilikuwa nimeapa kutomwambia alichosema mama, maana hakustahili kusikia, ila nikaona hakuna kitakachomuuma kama hicho.

"Picha yako aliiona," nilimwambia. "Akaniomba niikuze. Akasema, mtoto wangu yuko kwenye baridi kichwa wazi, mwambieni avae kofia. Baada ya hapo hakukutaja tena."

Twalibu akakaa chini, palepale kwenye majivu. Nilimwacha, nikaenda kuwagawia watu chai.