Kabati Lililofungishwa Ndoa

Mtaa mzima ulimwita baba yangu Mtangazaji, na jina hilo hakulipata redioni. Alikuwa anaongea tu. Aliongea akinyoa ndevu, aliongea akitafuna, aliongea na mlango uliogoma kufunguka. Alipojipatia kamera ya video, ile kubwa ya kubebwa begani, ndipo balaa lilipoanza, maana sasa maneno yake yalikuwa na kazi rasmi. Kila kilichotokea nyumbani alikirekodi huku akikieleza, kana kwamba sisi tuliokuwa mle ndani tulikuwa vipofu.

Kisha akaota uvimbe kooni. Madaktari waliuondoa, na sauti ikaondoka nao. Amepona, tunashukuru, ila tangu siku hiyo baba anaongea kwa nyusi. Nyusi zake zinaomba chai, zinagombana, zinasengenya majirani. Lakini binti yangu alizaliwa baada ya upasuaji, na hajawahi kumsikia babu yake akisema neno hata moja.

"Huyu mtoto lazima amsikie," mama alisema siku moja. "Kanda si zipo?"

Akazitoa kanda za video uvunguni, akazipangusa vumbi moja moja kwa upindo wa gauni lake. Deki yetu ya kuchezea kanda ilikuwa imekufa miaka mingi na kugeuzwa meza ya kuwekea maua ya plastiki. Basi nikazipeleka kanda kwa fundi wa video, azihamishie kwenye diski. Ofisi yake ilijaa picha za maharusi ukutani, wote wakitabasamu kama wamelazimishwa.

"Usiwe na shaka, dada," aliniambia. "Nitazisafisha mpaka mshangae."

Na kweli tulishangaa.

Jumapili baba alivaa shati lililopigwa pasi na kujiweka mbele kabisa ya televisheni, mjukuu magotini. Shangazi, dada yake baba, naye alikuja, maana hakosi penye televisheni. Nikaweka diski. Ilikuwa siku tuliyohamia nyumba hii. Wanaume wanne walionekana wakihangaika na kabati mlangoni, na papo hapo kinanda kikaanza kulia taratibu, kwa mahaba. Kabati likaingia ndani limezungukwa na maua mekundu. Njiwa wawili wakapita juu yake. Mjomba, kaka yake mama, akaonekana amebanwa kati ya kabati na ukuta, mdomo umeachama, anapiga ukelele ambao hatukuusikia. Kifuani pake ukachanua moyo mkubwa wa waridi, na chini yakatokea maandishi: Hongereni Maharusi.

"Jamani, nilivyokuwa nimependeza!" Shangazi alisema, alipojiona na beseni la masufuria kichwani. Tulicheka mpaka mbavu zikatuuma.

"Babu anaongea saa ngapi?" mwanangu akauliza.

Kicheko kilikatika. Tukasubiri. Kinanda kikaendelea kububujika mpaka diski ikaisha, na diski zilizofuata zikawa vilevile. Baba alimshusha mtoto polepole, akaingia chumbani, akafunga mlango. Mama alibaki amekikodolea macho kioo cheusi cha televisheni. Roho iliniuma, na hasira zikanipanda kwa pamoja.

Kesho yake tulimvamia fundi familia nzima.

"Sauti ya mpiga picha ni uchafu, mama," alijitetea. "Harusini anakohoa, anamfokea mshika taa. Tunaiondoa, tunaweka muziki. Hiyo ndiyo kazi safi."

"Ile ilikuwa harusi?" nilimuuliza.

"Hata mimi nilishangaa kidogo kumkosa bibi harusi. Bwana harusi nilidhani ni yule aliyebanwa na kabati."

"Kanda zetu ziko wapi?" mama akauliza.

Fundi alijikuna shingo. Wateja wake, alisema, wakishapata diski hawana habari tena na kanda. Basi yeye hukata ule utepe wa ndani na kumpa jirani, akafukuzie ndege kwenye bustani yake ya mboga. Tulichungulia dirishani. Tepe nyeusi zilimetameta juu ya matuta. Mahafali yangu yalikuwa yanapepea pale, na ndege wametulia juu yake wakijichambua manyoya.

"Zote?" mama akauliza.

"Moja ilinasa kwenye deki. Ya hiyo harusi. Ya kabati, samahani."

Akaibonyeza deki, akaipiga kofi, akaibembeleza. Ikakoroma. Picha ikayumba, ikatulia, na ofisi nzima ikajaa baba.

"Watazamaji wapendwa, kabati ndilo hilo! Simameni! Rudini nalo nje! Hapo mwanzo sikuwa nimewasha kamera. Ingieni upya, na safari hii mwonekane mna furaha!"

Mjomba alijibu kwa maneno ambayo fundi alikimbilia kuyapunguza sauti.

"Usiguse!" mama akamchapa mkono.

Mwanangu alimtazama baba, akatazama kioo, akamtazama baba tena. "Ni wewe?" Baba akaitikia kwa kichwa, macho yamemjaa maji. Kwenye kioo likatokea godoro linalotembea, miguu ya mama chini yake, na sauti ya mama ikapasua spika: "Wewe mwanamume, utanyamaza lini? Funga hilo domo ushike godoro!"

Mama alijiziba mdomo. Sote tuliwahi kumwambia baba anyamaze, ila aliyesikika kwenye kanda alikuwa mama.

"Fundi," alisema kwa sauti ndogo, "huyo mwanamke mwondoe."

"Yupi?"

"Anayepiga kelele."

"Mama, si ni wewe?"

"Najua ni mimi! Kuondoa watu si ndiyo kazi yako? Mwondoe, umwache baba watoto aongee."

Baba alitikisa kichwa. Akanyoosha mkono mwenyewe, akarudisha kanda nyuma, akasikiliza anavyofokewa. Akairudisha tena. Mabega yalimcheza kwa kicheko kisicho na sauti, na machozi yakamshuka bila kuyajali. Mara ya tatu akaiacha iendelee.

"Mmemsikia, watazamaji?" sauti yake ikasema. "Huyo ndiye mama watoto. Kabati na vitanda ni vyombo tu. Nyumba ni huyo anayenigombeza. Mama watoto, hebu geuka tukuone!"

Godoro halikugeuka. Lilizidi kwenda zake mpaka likapotea mlangoni.

Mwanangu akamvuta mama gauni. "Bibi, babu anakuita."

Mama alijifuta uso, akamgeukia baba.

"Abee, baba watoto."