Mume Aliyeacha Kulalamika

Mwanamke mwingine angeshukuru. Mama Pacha yeye alikuwa anakosa usingizi kwa sababu mume wake ameacha kulalamikia chakula.

Tangu waoane, Baba Pacha hakuwahi kumaliza sahani bila neno. Mara kitunguu kimewahi kutolewa, mara wali umeshika chini, mara mchuzi umekosa subira. Neno lake kubwa lilikuwa "Hapa moto umekuzidi," na alilisema hata huku akikomba sufuria. Si kwamba alikuwa mkorofi. Mdomo wake ndio uliokuwa ukiwalisha. Alikuwa mwonjaji kwenye kiwanda cha chai, mtu ambaye chai haifungwi wala haiuzwi kabla hajaipitisha kinywani, na kule kazini walishasahau jina lake, wakamwita Ulimi. Mama Pacha naye alikuwa mpishi wa shule, mwenye mikono iliyozoea masufuria ya kutosha kuogeshea mtoto, na hakuwa mtu wa kukosolewa akanyamaza. Walibishana juu ya chungu tangu ujana wao mpaka pacha wao wakakua na kuhama. Ndivyo walivyopendana, na hakuna aliyeona haja ya kulisema jambo hilo kwa njia nyingine.

Halafu, mvua zilipoisha mwaka huu, malalamiko yakakatika ghafla. "Safi," anasema. "Tamu kabisa, mke wangu." Siku moja maharage yaliungua mpaka nyumba nzima ikanuka na majirani wakauliza kuna nini. Baba Pacha akala, akajifuta mdomo, akasema tamu. Kila mlo mke anavishwa kilemba cha ukoka, na yeye si mtoto. Mwanamume anayesifu ovyo kuna kitu anakifidia, na mara nyingi kitu chenyewe kimevaa gauni.

Kwa hiyo Mkurugenzi wa kiwanda alipompa Ulimi zawadi ya kuongozana naye kwenye safari ya meli, yeye Ulimi na mkewe, kwa utumishi wa muda mrefu, mtaa mzima uliona wivu, ila Mama Pacha hakufurahi. Mama Pacha alipanda ile meli kubwa ya watalii akiwa na swali moja tu moyoni: huyu mtu bado ni wangu? Siku zote za bahari alilizungusha kichwani. Leo, siku ya mwisho, alikuwa ameamua kupata jibu kwenye chai ya alasiri.

Chai hiyo ilinywewa juu, kwenye ukumbi wa madirisha mapana, zulia nene na vitambaa vya meza vilivyopigwa pasi mpaka kwenye pindo. Mzee mmoja alipiga piano kwa upole, na wanawake wenye shanga za lulu wakazungumza kwa sauti za hospitalini. Kila meza iliwekewa sinia la ghorofa: chini mikate ya tango iliyokatwa pembetatu, juu yake biskuti. Keki zilikuwa kwenye meza ndefu pembeni, kila mtu akajichukulie. Ile mikate ilikuwa midogo mno. Siku ya kwanza Mama Pacha alipoiona aliuliza kama kuna mgonjwa anapikiwa humu.

Siku hiyo ya kwanza pia alicheka mpaka machozi, kwa sababu Baba Pacha hajui kunywa chai kama watu. Mwonjaji huivuta kwa nguvu pamoja na hewa, fyoooo, ukumbi mzima ukageuka. Akaizungusha mdomoni, akapiga ulimi, akatafuta kopo la kutemea, akakumbuka aliko, akameza. Leo alifanya vilevile na mkewe hakucheka.

"Nzuri," Baba Pacha akamwambia mhudumu mwenye glavu nyeupe, kwa sauti ya kusikika meza ya tatu. "Wapelekee salamu zangu jikoni."

Kisha akainuka kwenda kuchagua keki. Mama Pacha akamfuata kwa macho mpaka alipompa mgongo, akachukua kichupa cha chumvi kilichowekwa kwa ajili ya matango, akafungua kifuniko, akamimina kwenye kikombe cha mumewe bila huruma. Akakoroga. Hakufanya hivyo kwa ubaya. Alikuwa anatafuta ugomvi, ule ugomvi wao wa siku zote. Akitema na kufoka, alijiambia, basi yupo, bado yuko nyumbani.

Baba Pacha akarudi na vipande viwili vya keki, akaketi, akavuta chai. Fyoooo. Mkewe akashika ukingo wa meza. Akamwona akiizungusha, akipiga ulimi, akimeza.

"Hawa wanajua chai," akasema. "Ya leo imeipita ya jana."

Damu ilimpanda Mama Pacha mpaka masikioni.

"Ni nani?" akauliza kwa mnong'ono uliokuwa na makucha.

"Nani nani?"

"Huyo mwanamke. Huyo anayekutia hatia mpaka unakunywa uchafu mbele yangu huku unatabasamu."

"Mke wangu, bahari imekupanda kichwani?"

"Humo kuna chumvi, Baba Pacha! Nimeimimina mimi, kwa mkono huu, nusu ya kichupa. Na wewe unasifu!"

Baba Pacha alikitazama kikombe, akachovya kidole, akakiweka kwenye ulimi, akakaa hivyo akisubiri. Mama Pacha alikuwa amemwona akionja kwa maisha yao yote, lakini uso ule hakuwahi kuuona. Ulikuwa uso wa mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua imehamwa.

"Hamna," akasema mwishowe. "Sisikii kitu."

"Husikii nini?"

"Chumvi. Sukari. Chochote. Unaikumbuka ile homa ya wakati wa mvua? Ilipoondoka iliondoka na mdomo wangu, na pua juu yake. Unaponiwekea chakula, mimi najua tu kama ni cha moto au cha baridi."

Jambo la kwanza alilohisi Mama Pacha ni furaha. Hakuna mwanamke! Furaha hiyo ilimtia aibu palepale, maana mwanamume aliyeketi mbele yake alikuwa bado anakitazama kidole chake kilicholowa chai.

"Daktari anasemaje?"

"Huenda ikarudi, huenda isirudi."

"Na kazini je? Miezi yote hii unaonja nini?"

"Naonja kwa macho." Alisema akiitazama keki. "Rangi ya chai, jani lilivyojikunja. Halafu namwachia mwenzangu aanze kusema, nami natikisa kichwa kukubali kama niliyekuwa nawaza hilohilo. Wanadhani nimekuwa mpole uzeeni."

"Ukashindwa kuniambia mimi? Mimi?"

"Ningekwambia nini? Mimi ni Ulimi. Bila huo ulimi ni nani?"

Hasira ilimjia, na huruma ikaja nyuma yake ikisukumana nayo, lakini kabla hajachagua ya kuisema, kitu kingine kikamgonga kichwani. Kuna chai ilirudishwa kiwandani na wanunuzi, shehena nzima, kwa kunuka moshi. Fundi wa mashine ya kukaushia alisimamishwa kazi kwa ajili hiyo. Fundi huyo ni jirani yao, ukuta kwa ukuta. Kiwandani walisema Ulimi aliionja asubuhi akaipitisha, na Ulimi hakosei, basi fundi aliunguza nyingine baadaye akaichanganya kwa siri. Mke wa fundi aliapa na kulia jikoni kwa Mama Pacha, na Mama Pacha akampa pole, ila moyoni akasema, lisemwalo na mume wangu ndilo.

"Ile chai ya moshi," akasema taratibu. "Ilipita kwako."

"Ilipita kwangu."

"Ikiwa tayari inanuka."

Baba Pacha akakigeuzageuza kikombe kwenye kisahani chake.

"Jirani yetu amekaa nyumbani anahesabiwa mdanganyifu, na wewe unajua?"

Kivuli kilitanda mezani na mkono mzito ukatua begani kwa Baba Pacha. Alikuwa Mkurugenzi mwenyewe, mtu wa kicheko kikubwa, ameongozana na mkewe na abiria wawili waliofahamiana nao humo melini.

"Shemeji! Mbona mmejificha huku?" Akawageukia wenzake. "Huyu ndiye niliyewaambia. Akisema chai ni nzuri, mimi nasaini nimefumba macho. Tukirudi, chai ya mauzo makubwa anaichagua yeye peke yake, sitaki maoni ya mtu mwingine. Nimesikia anaisifu hii kwa mhudumu. Ngoja na mimi."

Akachukua kijiko mezani. Kwenye chumba cha kuonjea ndivyo wanavyofanya: mwonjaji akishatoa neno, mwenye kutaka kuhakikisha huchota kwenye kikombe kilekile, na wala hakuna anayeona ni utovu wa adabu. Mkurugenzi alikuwa ameshachota hivyo kwenye vikombe vya Ulimi mara zisizo na idadi. Kijiko kikainama kuelekea kikombe. Baba Pacha alikikodolea macho, amekauka.

Mama Pacha akakinyakua kile kikombe, akakipeleka mdomoni, akanywa.

Alikunywa yote. Chai ilikuwa imeanza kupoa, na chumvi ilimkata koo ikashuka mpaka tumboni. Macho yalitaka kumwaga machozi, akayakataza. Akaweka kikombe kitupu kwenye kisahani na kutabasamu kama bibi harusi.

"Nisamehe shemeji," akasema. "Hii bahari inanitia kiu, nakunywa hata kisicho changu."

"Na ilikuwaje?"

"Nzuri," akasema Mama Pacha.

Mkurugenzi akacheka mpaka sauti ya piano ikamezwa. "Mke wa mwonjaji huyo! Hamumwezi!" Akawavuta watu wake hadi kwenye meza yao karibu na dirisha, bado akicheka.

Baba Pacha akammiminia mkewe maji, mengine yakamwagika kwenye kitambaa. Alikunywa bilauri nzima na bado mdomo ulikuwa unawaka.

"Ahsante," mume akanong'ona.

"Usinishukuru. Nimekuficha, sijakusaidia. Leo nimekunywa mimi. Kule kiwandani atakunywa nani?"

"Nikisema, nimemwaga unga."

"Umwagike. Mimi nalisha shule nzima, nitashindwa na mdomo mmoja?"

"Nami nitakuwa nani?"

Alitaka kumwambia utakuwa mume wangu, baba wa wanangu. Yote yalikuwa kweli, na alijua hayatoshi. Mtu aliyeamka kila siku akiwa Ulimi huwezi kumwambia kesho aamke akiwa kitu kingine, halafu ukamwongezea keki.

"Sijui," akasema. "Sijui, Baba Pacha. Lakini jirani yetu naye alikuwa mtu kwa kazi yake, na mkewe amelia kwenye kigoda changu."

Mzee wa piano akamaliza wimbo, watu wakapiga makofi ya ncha za vidole. Baba Pacha akafunga vifungo vya koti lake. Akainuka, akachukua kile kikombe kitupu na kisahani chake, wala mkewe hakuelewa anakipeleka wapi na kwa nini, akatembea mpaka meza ya dirishani.

Kutoka pale alipoketi Mama Pacha hakusikia neno. Aliona Mkurugenzi akimvutia mumewe kiti kwa bashasha, na mumewe akikataa kuketi. Akaona kile kicheko kikipungua, kisha kikizimika. Mke wa Mkurugenzi akarudisha keki kwenye sahani. Baba Pacha alizungumza akiwa amesimama wima, kikombe mkononi, kama anavyosimama kwenye meza ya kazi. Mkurugenzi akachungulia ndani ya kikombe, akauliza kitu, na Baba Pacha akatikisa kichwa. Akauliza tena, akatikisa tena. Baada ya hapo Mkurugenzi akageukia dirisha akaitazama bahari kwa muda mrefu. Mama Pacha alitamani kwenda kusimama karibu na mumewe, ila akabaki kitini, kichupa cha chumvi mkononi.

Aliporudi alionekana mfupi kuliko alivyoondoka.

"Amesemaje?"

"Jirani atapigiwa simu leo hii. Arudi kazini."

"Na wewe?"

"Mimi, amesema tutazungumza tukifika."

Wote wawili walijua mazungumzo ya namna hiyo huishia wapi. Kikombe na kisahani vilikuwa bado mikononi mwa Baba Pacha, mkewe akampokea na kuviweka mezani. Mhudumu, ambaye hakujua lolote, akaja na buli akawamiminia chai mpya, akawauliza kama kila kitu kiko sawa. Walimwambia kiko sawa.

Baba Pacha hakuvuta. Alikitazama kikombe mvuke ukipanda, halafu akakisukuma polepole mpaka upande wa pili wa meza.

"Niambie," akasema.

Mama Pacha akakiinua. Akavuta kama alivyomwona akifanya tangu ujana wao, fyoooo, shanga za lulu zikageuka tena, akaizungusha mdomoni, akapiga ulimi, akameza. Baba Pacha alikuwa amefumba macho anasubiri.

"Hapa moto umewazidi," akasema Mama Pacha. "Majani wameyaacha kwenye maji mpaka yamekasirika. Maziwa wameyajaza ili kuficha. Sijui hata wanamlipa nani huko jikoni."

Baba Pacha akaitikia kwa kichwa taratibu, akiwa bado amefumba macho.

"Endelea," akasema.

Akaendelea. Chumvi ilikuwa bado imejaa mdomoni mwake, hakuwa anasikia ladha ya chochote, na yote aliyomwambia alikuwa anayabuni.