Konokono wa Mawe

Konokono aliyekuwa kiganjani mwa Wilhelmina alikuwa mrefu, mwenye gamba jembamba lililopitisha mwanga kama kucha ya mtoto. Hakupaswa kuwa hivyo. Babu zake walitoka kwenye majabali ya ghuba moja ya ziwa, upande wa Ilemela, mahali ambapo mawimbi hayana likizo. Walikuwa wafupi, wanene, wenye magamba magumu kama kokoto. Wilhelmina aliwafuga maabarani kwenye tangi la maji matulivu kwa miezi kumi na minne, na sasa wajukuu wote walikuwa wamechukua umbo la konokono wa kawaida wa matopeni, yule anayebeba kichocho.

Hawakuwa aina mbili, basi. Walikuwa aina moja, maji yakiwafinyanga yapendavyo.

Miaka kumi na mmoja iliyopita, ni Wilhelmina aliyewatenga konokono wa mawe kuwa aina mpya, akawapa jina la mdogo wake, Paskazia. Paskazia alikuwa mwalimu wa darasa la pili. Jumamosi alipenda kumsindikiza dada yake kukusanya konokono, sketi ameifunga kiunoni, akiruka jabali hadi jabali. Jumamosi moja aliteleza. Walimpata kesho yake, mfuko wa konokono ukiwa bado shingoni. Konokono hao ndio walioelezwa katika jarida la kisayansi. Na kwa kuwa walitangazwa kuwa aina nyingine, watu wa ghuba ile waliambiwa kwamba maji yao hayana kichocho.

"Dada Wilhelmina," alisema Perez, msaidizi wake, bila kuinua macho, "habari ya tangi hili tunaijua sisi wawili tu."

Alimwelewa, na hakumchukia. Lakini alikumbuka alivyoyapima magamba yale wiki tatu baada ya mazishi, akiona tofauti kila alipotazama. Macho ya msiba huona kile yanachokihitaji.

Alikwenda Butimba. Mama yake, Rebeka, alikuwa uani akipukuchua mahindi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona siku ya kazi?"

Alimweleza yote. Punje ziliendelea kudondoka kwenye ungo, kisha zikaacha.

"Kwa hiyo wanamfuta."

"Ninayemfuta ni mimi, mama."

"Ungeninyamazia. Nimezeeka, ningekufa bila kujua."

"Wewe ningekunyamazia. Wale wa ghubani nao ningewanyamazia?"

Rebeka aligeuza gunzi mkononi, akalitazama kana kwamba kuna punje aliyoisahau. Kwake jina lile lilikuwa kaburi la pili, lisiloota majani.

"Nenda kawaambie," alisema hatimaye. "Ila leo usile hapa."

Wilhelmina hakuwahi kuondoka nyumbani kwa mama yake na njaa. Alitembea hadi barabarani akihisi wepesi asioutaka, kama mtu aliyetua mzigo uliokuwa pia ukimkinga na baridi.

Asubuhi iliyofuata, taarifa ya kosa lake ikiwa imeshatumwa kwenye jarida, alishuka ghubani. Wanawake sita walikuwa wakifua juu ya majabali, watoto wakiogelea kando yao. Aliwaeleza kwa maneno mepesi habari za konokono na kichocho.

"Lakini walituambia haya ni salama," alisema mmoja wao, Evelina.

"Mimi ndiye niliyesema. Nilikosea."

Hakuna aliyemtukana, na hilo lilimuumiza zaidi. Evelina alimwita binti yake kutoka majini. Akampangusa miguu kwa pindo la kitenge, taratibu, kidole kwa kidole, kama mtu anayetafuta kitu ambacho hajui kinafananaje. Kisha akainua uso.

"Haya, tumekusikia. Sasa leo tutafulia wapi?"

Wilhelmina alitazama ziwa, kisha akautazama mlima wa mawe. Bomba la maji lilikuwa juu kabisa, nyuma ya nyumba za mwisho. Aliinama, akalishika beseni la Evelina la nguo zilizoloa, zito kuliko alivyodhani, akajitwisha. Na wanawake, mmoja baada ya mwingine, wakaanza kukusanya nguo zao.