Mkalimani wa Riba

Saa mbili na nusu asubuhi simu ya Mokeira ililia akiwa na kikombe cha chai mkononi. Alikuwa Angwenyi, mkuu wake wa kazi kwenye kituo cha redio, naye alihema kama mtu aliyekimbizwa.

"Mkalimani ameugua. Njoo ukumbini sasa hivi. Yule mama wa Benki Kuu anaanza saa tatu, na tunatangaza moja kwa moja."

"Mimi? Mimi kazi yangu ni matangazo ya vifo, bosi!"

"Kiswahili unakijua, Ekegusii ni lugha ya kwenu. Njoo!"

Kwa miaka minne Mokeira alikuwa akisoma matangazo ya vifo na hali ya hewa katika redio moja ndogo mjini Kisii. Kuhusu uchumi alijua lile ambalo kila mtu alilijua: unga umepanda. Hata hivyo alirukia bodaboda, akamwambia mwendeshaji asiogope matuta.

Ukumbi ulikuwa umefurika. Wakulima wa chai walikuwa wametoka Nyamira, wauza ndizi wametoka Marani, na wenye maduka wa mjini walisimama ukutani. Mbele aliketi mgeni mwenyewe, Daktari Istarlin Sabir, mmoja wa wanakamati wanaopanga kiwango cha riba cha Benki Kuu. Alikuwa mwanamke mrefu wa makamo. Baba yake aliwahi kuuza vitambaa mjini humo, na Ekegusii aliyobaki nayo ilikuwa ile ya kuulizia bei tu.

Mokeira aliposhika kipaza sauti na kusalimia, minong'ono ilienea kwenye viti vya akina mama. Sauti ile waliijua. "Nani tena amekufa?" mmoja akauliza kwa nguvu, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mokeira alicheka nao.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Kisha Daktari Istarlin akasema, "Ninayo furaha kuwaambia kwamba mfumuko wa bei umepungua."

Mokeira hakusita. Kwa Ekegusii akatangaza kwamba bei za vitu zimeshuka.

Halafu ukumbi ukalipuka.

"Zimeshuka wapi?"

"Huyo mama ananunua duka gani? Atuonyeshe!"

Mzee mmoja mwembamba mwenye kofia ya sufu akasimama. Alijitaja kuwa Masese, mkulima wa Manga. "Nimenunua unga jana," alinguruma. "Mbolea nimenunua juzi. Mmetoka Nairobi kuja kutudanganya mchana kweupe?"

Mokeira alimfasiria mgeni maneno ya mzee, ulimi ukiwa mzito. Daktari Istarlin akakunja uso. "Lakini mimi sikusema bei zimeshuka. Bei bado zinapanda. Nimesema hazipandi kwa kasi ile ya zamani."

Damu ilimpanda Mokeira usoni. Kumbe kosa lilikuwa lake, na lilikuwa limeshasikika kaunti mbili nzima! Angeweza kunyamaza, lawama imwangukie mgeni. Alimwona Angwenyi mlangoni ameshika kichwa kwa mikono miwili. Akavuta pumzi.

"Wazazi wangu," alisema kwa Ekegusii, "mgeni hajadanganya. Mimi ndiye niliyekosea. Tata Masese, baba yangu, usikae kwanza, nisaidie. Ukitoka bondeni na mkungu wa ndizi kichwani kwenda juu Manga, njia ikoje?"

"Mwanzo inakaba roho. Baadaye inalegea kidogo."

"Ikilegea, umeanza kuteremka?"

"Hapana! Bado napanda."

"Basi bei zetu ziko hapo. Zilikuwa zinapanda pale panapokaba roho. Sasa zinapanda pale palipolegea. Hazijateremka."

Midomo ya Mzee Masese ilitembea kama ya mtu anayepima uzito wa maneno. "Sasa hapo nimeelewa," akasema hatimaye. "Na sijafurahi. Lakini nimeelewa."

Makofi yalipigwa mpaka kipaza sauti kikalia. Mokeira aliposimulia kwa Kiswahili alichosema, Daktari Istarlin alisukuma karatasi za hotuba kando na kusogeza kiti chake karibu na watu. "Haya," akasema, macho yaking'aa, "niulizeni chochote."

Sasa mambo yalienda mbio, na Mokeira alikimbia nayo. Wauza ndizi waliuliza kwa nini riba ilipandishwa wakati watu wanaumia. "Kwa sababu bei zilikuwa zinatoroka," mgeni akajibu. "Mkopo ukiwa ghali, watu hukopa kidogo, hununua kidogo, na bei hupoa. Ilikuwa dawa chungu, najua. Sasa tunaipunguza."

"Mnaachia breki," Masese akadakia.

"Ndiyo, mzee!"

"Mbona gari langu halisogei? Mkopo wangu wa ng'ombe haujashuka hata senti."

Mokeira, aliyekuwa ameinama karibu na kinywa cha mgeni, aliona kwamba mama huyo hatafuti pa kujificha. Alikuwa anatafuta ukweli.

"Breki ni yetu," alisema Daktari Istarlin. "Mguu wa mafuta ni wa mabenki, nayo yanaogopa wasiolipa. Yanachelewa mno, na mimi nayaambia hivyo waziwazi. Lakini hata yakiharakisha, tunachoamua leo huonekana baada ya miezi mingi. Tukiachia breki haraka mno, bei zitatoroka tena. Tukichelewa, biashara zenu zinakufa. Nusu ya kazi yangu ni kusubiri nikiwa na hofu."

Mokeira alifasiri neno kwa neno, hofu ikiwemo. Watu walisogea mbele vitini. Hawakuwahi kumsikia mtu mkubwa akikiri kwamba naye anaogopa.

"Kama mche wa chai," Masese akasema. "Unapanda, unangoja miaka mitatu, na hujui mvua."

"Nipe hilo neno," mgeni akamwambia Mokeira, akichukua kalamu. "Nitalipeleka kwenye kamati."

Mkutano uliopangiwa muda wa saa moja tu ulimalizika saa saba mchana. Mokeira alitoka sauti imekauka, mwili mwepesi kama manyoya. Nje, wauza ndizi walikuwa bado wanabishana kuhusu riba, na mmoja alikuwa anamfundisha mwenzake kwa vidole kwamba kupungua kwa mfumuko si kushuka kwa bei.

Angwenyi alimkimbilia akiwa na simu mbili, zote zinalia. "Wasikilizaji wanauliza utarudi lini hewani! Nimewaambia Alhamisi, saa moja asubuhi. Kipindi cha uchumi. Ni chako."

"Bosi, sijui uchumi!"

"Hata hao wanaopiga hawajui. Ndiyo maana wanakutaka."

Mokeira alitazama ukumbini. Daktari Istarlin alikuwa bado ndani, amezingirwa, Masese akimwonyesha kitu kwa fimbo. Mokeira alirudi ndani mbio. Alikuwa na maswali yake mwenyewe, kumi hivi, na hakutaka mama yule aondoke kabla hajayamaliza yote.