Fagio la Jumatano

Wifi yangu, dada wa mume wangu, anafagia hata mvua ikinyesha. Na ndiye tuliyemchagua mwenyekiti wa kikundi chetu, wanawake kumi tunaookota chupa za plastiki na kuziuza kiwandani. Sasa niambie, mtu asiyevumilia uchafu anaongozaje watu wa taka? Lakini ana sauti, na sisi tunapenda mwenye sauti.

Mimi nilikuwa na haja moja tu: mashine ya kusaga chupa. Bila mashine tunazikata kwa kisu, moja moja, na miaka sita ya kisu imekimaliza kidole gumba changu cha kulia. Hakikunjiki. Kila asubuhi binti yangu wa darasa la kwanza alikuwa akisimama mbele yangu na shati la shule, nami nikihangaika na vifungo mpaka tunalia wote wawili.

Basi barua ikaja. Wafadhili wa miradi mipya ya taka za mijini watatutembelea Alhamisi waione kazi yetu, na wakiridhika, mashine ni yetu. Nilipiga vigelegele peke yangu jikoni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mimi nilikuwa na gumba la kuponywa. Kazi ya kuonyesha ilikuwepo, tena ya kujidai: chupa za miezi mitatu nyuma ya nyumba yangu, zimeoshwa, zimetengwa kwa rangi, lundo limeupita ukuta.

Jumatano wifi akaja na mafagio.

"Kesho wageni. Toeni hizi takataka."

"Wifi, hizo takataka ndizo wanazokuja kuziona!"

"Mgeni haonyeshwi uchafu. Kwani kwenu ulilelewa vipi?"

Jamani, hapo akanipata. Niseme chochote, lakini malezi ya kwetu usiyaguse. Nikashika fagio. Na lori la taka la manispaa, ambalo hatukuwa tumeliona tangu mwaka jana, likachagua kupita jioni ile ile. Tulipakia wenyewe, huku tunaimba. Nisiseme uongo, aliyemsimamisha dereva ni mimi.

Alhamisi uwanja ulikuwa unang'aa. Vitambaa mezani, viti vya kuazima, maji yamenyunyizwa kutuliza vumbi. Mgeni mkubwa, mama mmoja mwenye miwani na daftari, akaizunguka nyumba mara mbili.

"Taka mnaziweka wapi?" akauliza.

"Kwetu hakuna taka, mama," wifi akajibu, kifua mbele.

"Hata kidogo?"

"Hata utafute kwa tochi."

Nilimkanyaga mguu. Naye akanikanyaga. Nikafungua mdomo niseme zilikuwepo, tena nyingi, jana tu tumezitupa. Halafu nikafikiria nitakavyosikika, nikiwaambia hayo watu waliokuja kuwasaidia wale wasiotupa chupa. Nikaufunga.

Majibu yalikuja baada ya wiki mbili. Mashine wamepewa wanakikundi wa mtaa wa pili, wale ambao siku ya wageni hata uso hawakunawa. Sisi tumepewa cheti cha usafi, ndani ya fremu. Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha hasira zikapanda nikamwambia wifi yote: kwamba ameninyima mkono wangu, kwamba cheti chake akakifagie. Yeye aliangalia gumba langu tu.

Mpaka leo hajaniomba msamaha, wala sitegemei. Ila kila asubuhi, kabla hatujaenda dampo kutafuta chupa zetu wenyewe, anaingia kwangu bila hodi, anapiga magoti mbele ya binti yangu, anamfunga vifungo, vyote sita. Kisu cha kukatia amekichukua yeye. Mimi naokota tu. Akimaliza kifungo cha mwisho anainuka, anaitazama sakafu yangu, na kuniuliza kama humu ndani hamna fagio.