Siku Isiyotajwa

Kidoti alikuwa mpokezi wa kliniki ya meno, na kwa miezi kadhaa hakuna aliyepiga simu akapewa miadi ya Alhamisi. Si kwamba daktari hakuwepo siku hiyo. Tatizo lilikuwa ulimi wake, ambao kwa Kiswahili ulisema "selasini" na "samani" badala ya thelathini na thamani na hakuna aliyekosa usingizi, lakini kwa Kiingereza ulimwaibisha mchana kweupe.

Au tuseme aliyemwaibisha ni Madam, dada mkubwa wa daktari na msimamizi wa kliniki. Madam alitaka simu zote zijibiwe kwa Kiingereza, eti ndicho kinacholeta wateja wa maana, na mlango wa ofisi yake hakuufunga asije akapitwa na kosa. Siku Kidoti alipotaka kusema "Thursday", yaani Alhamisi, kwenye simu ikamtoka "Sazdei", Madam alitoka, akalirudia neno lile polepole mbele ya benchi zima la wagonjwa, uso kaukunja kama aliyeuma ndimu. Watu wakacheka. Hata aliyeshika shavu kwa maumivu alicheka. Kidoti alitamani ardhi ipasuke immeze. Tangu hapo kila mpiga simu akawa anapangiwa Jumanne au Ijumaa, na aliyeiomba Alhamisi mwenyewe akaambiwa imejaa.

Kumbe Alhamisi ndiyo siku pekee ya Fundi Meno, mzee wa kutengeneza meno ya bandia, ambaye wajukuu zake walikula kwa siku hiyo moja. Asubuhi moja daktari alimwita Kidoti, akamwambia kwa masikitiko kwamba fundi amekosa wagonjwa, hivyo mwisho wa mwezi wataachana naye. Kidoti aliitikia, "Sawa, daktari." Ulimi wake yeye, njaa ya wajukuu wa mwenzake. Haki iko wapi hapo?

Alhamisi ilipofika alimfuata mzee kwenye kichumba cha nyuma, akamkuta anasugua ufizi wa bandia kwa msasa. Akamweleza yote bila kuficha, akasubiri kukaripiwa. Fundi Meno akaweka msasa chini.

"Mwanangu, wanaonitafuta mimi hawana meno ya mbele. Sasa wao hiyo siku wanaitamkaje?"

Kidoti alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ukosi wa koti lake. Hofu iliyomnyima raha muda wote ule ilionekana kitu kidogo sana, cha kuokota na kutupa.

Aliporudi mezani kwake, simu ikalia. Mlango wa Madam ulikuwa wazi kama kawaida. Aliyepiga alikuwa mzee mmoja, kila neno likimtoka na upepo, akiomba kutengenezewa meno. Kidoti akavuta pumzi, akamjibu kwa Kiingereza, tena kwa sauti ya kusikika mpaka ndani, kwamba aje kumwona fundi Sazdei ijayo. Hakumung'unya. Yule mzee wala hakucheka. Aliuliza saa ngapi.

Madam akasimama mlangoni.

"Umemwambia siku gani?"

"Sazdei, Madam. Na amekubali."

Madam alifungua mdomo ili alirudie lile neno, lakini benchi siku hiyo lilikuwa tupu na hapakuwa na wa kumchekea. Simu ikalia tena, Kidoti akaipokea.

Alhamisi iliyofuata wagonjwa wengine walisimama kwa kukosa nafasi ya kukaa. Daktari alichungulia, akarudi ndani anapiga mluzi, na habari ya kuachana na fundi ikafia hapo hapo. Usiku ule Kidoti alilala fofofo.

Wiki chache baadaye yule mzee wa simu alivishwa meno yake. Madam, ambaye hakosi kazi ikikamilika, ndiye aliyemshikia kioo pale mapokezi. Mzee akajitazama kulia, akajitazama kushoto, macho yakamlengalenga. Kisha akauliza kwa Kiingereza arudi lini kukaguliwa. Sazdei?

Meno yote yalikuwepo, mapya, yanang'aa, na bado ilikuwa Sazdei.

Madam alikitazama kioo, akamtazama Kidoti, akakohoa kidogo.

"Ndiyo, baba," alisema taratibu. "Siku hiyo hiyo."

Akaingia ofisini kwake, akafunga mlango. Kidoti akainamia meza kuandika miadi, anatabasamu mpaka jino la mwisho.