Kambare wa Mama

Mkuu wa maabara aliisogeza karatasi ya majibu mbali kidogo na macho, kama afanyavyo akisahau miwani, akausoma mstari mmoja mara mbili.

"Mafuta, asilimia moja," alisema. "Kambare wa mto huu? Alikuwa anakimbia mazoezi asubuhi?"

Mtayarishaji wa sampuli alicheka kwa adabu. Kazi yake ilikuwa kupokea samaki, kuwapima urefu na uzito, kuwapasua, kusaga minofu na kuijaza kwenye chupa zenye namba. Mashine ya chumba cha pili ndiyo iliyotafuta dayoksini, sumu inayozaliwa taka zinapochomwa. Moshi hutua, mvua huisukuma sumu hadi mtoni, nayo hukaa kwenye tope. Minyoo hula tope, samaki wadogo hula minyoo, kambare huwala wote, na kila mlaji hurithi sumu ya aliyeliwa.

Kwa mwaka mzima mashine ilikuwa imesema kiasi ni kidogo. Kila mwezi tangazo lilibandikwa kwenye ukuta wa soko la samaki: wanafaa kuliwa. Chini yake palikuwa na sahihi mbili, ya mkuu na ya mtayarishaji. Dada yake, mwenye mimba ya miezi saba, alikuwa na mazoea ya kulipiga picha na kumtumia. "Profesa, sahihi yako imepinda leo. Lakini nakuamini, nimechukua wawili."

"Hebu pasua mwingine," mkuu alisema. "Nikitazama."

Mtayarishaji akavaa glavu. Kisu kiliingia chini ya pezi, kikashuka hadi mwisho wa tumbo. Kidole gumba kikanyanyua utepe wa manjano uliolala ubavuni na kuurusha kwenye ndoo, kisha kisu kikaendelea na mnofu.

"Hicho nini?"

"Kipi?"

"Ulichotupa."

Alichungulia ndoo. "Mafuta ya tumboni. Yananuka tope. Nyumbani huwa tunayatoa."

"Nyumbani kwa nani?"

"Kwa mama."

Mkuu alivuta kiti, akakaa. "Mwongozo unasemaje?"

"Tayarisha sehemu inayoliwa."

"Na dayoksini inakaa wapi?"

"Kwenye mafuta," alisema, na masikio yakamwaka moto. Alilijua hilo. Aliwahi kulijibu kwenye mtihani wa chuo akapata alama zote. Mkono ndio haukufanya mtihani.

"Basi mwaka mzima, binti yangu, umekuwa ukinipimia kambare wa mama yako."

Adhuhuri ile alimwandikia dada yake: wiki hii usile samaki. Jibu likaja upesi. "Kwa nini, wamepanda bei?" Aliandika sentensi tatu, akazifuta. Alikuwa mtu wa kuuomba radhi hata mlango akiugonga kwa bega, na maneno ya kumwambia dada yake hayakuwa na pa kuanzia. Akajiambia asubiri majibu, yawe ya hakika.

Majibu yalichukua siku tatu. Kambare aliyetoka kapu moja na yule wa asilimia moja, safari hii pamoja na mafuta yake, alikuwa na dayoksini mara tatu ya kiwango kinachoruhusiwa.

"Tutaandika kwamba njia ya kupima imebadilishwa," mkuu alisema, bila kumtazama. "Si lazima tutaje mkono wa nani."

Alitamani kukubali. Alikumbuka jikoni kwa mama: mama akitupa ule utepe wa manjano, dada yake akiudaka kabla haujafika kwenye taka na kuutumbukiza kikaangoni. Mlafi wewe, mama alikuwa akisema, na dada yake alicheka midomo ikimeremeta.

"Tuandike kuwa mtayarishaji aliondoa mafuta," alisema. "Wakisoma njia imebadilishwa, watadhani ni mambo ya mashine. Wataendelea kula."

Mkuu alimpa kalamu.

Alilibandika tangazo jipya sokoni mwenyewe, akaenda moja kwa moja kwa dada yake. Dada alikuwa jikoni, mkono mmoja kiunoni. Kambare wawili walikuwa ndani ya beseni.

"Profesa! Umeninyamazia siku tatu."

"Umekula?"

"Juzi. Hukunijibu, nikajua ni utani wako."

Akamweleza akiwa amesimama, macho kwenye beseni. Hakuruka kitu: ndoo, utepe, mashine, zile siku tatu. Dada yake aliketi taratibu kwenye kigoda.

"Kwa hiyo ukuta ulikuwa unasema uongo tangu lini?"

"Tangu nianze kazi."

"Na huyu?" Dada alishika tumbo.

"Sijui, dada. Sumu haitoki mwilini upesi, inachukua miaka. Lakini usiongeze. Kesho twende wote kliniki, nitawaeleza mimi."

"Wewe? Wewe unayeogopa hata kuuliza njia?"

"Mimi."

Dada alilisogeza beseni kwa mguu, bila hasira wala upole. "Ungenijibu ile siku ya kwanza, mdogo wangu, juzi nisingekula."

"Najua."

Hakuomba radhi. Neno lilikuwa dogo mno. Alitoa daftari mkobani, akamwomba dada yake kitu kimoja: awapasue wale wawili kama anavyowapasua siku zote, ingawa hakuna atakayewala.

"Ili iweje?"

"Niandike. Kuanzia mwezi ujao tutapima hivyo."

Dada alimtazama, akainuka, akachukua kisu. Alitoa matumbo na nyongo, akasuuza, akakata vipande vinene, kichwa kikibaki, na utepe wa manjano ukibaki mahali pake.

"Polepole," mdogo wake alisema, kalamu ikimfuata. "Hapo ubavuni umetoa nini?"

"Sijatoa kitu," dada alisema. "Andika hivyohivyo. Hajatoa kitu."